Mjusi wetu hakuuawa na nyota

Mwaka juzi, siku ya joto lile la Lindi linalofanya chaki iteleze vidoleni, niliwadanganya watoto wa watu. Ilikuwa Kidato cha Kwanza, Jiografia, mada ya mfumo wa jua. Nilikuwa nimefika kwenye asteroidi, yaani mawe makubwa yanayozunguka jua, na vimondo, nasoma Kiingereza cha kitabu, na darasa limetulia kwa sababu nusu yake linasinzia. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akauliza kwa Kiswahili, kama maswali yote ya kweli yanavyoulizwa kwetu: "Madamu, kwa hiyo yule mjusi wetu wa Tendaguru ndiye aliyeuawa na hiyo nyota?"

Alimaanisha dinosaria, yule mnyama mkubwa wa kale ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, huku kwetu Lindi; na nyota ni ile asteroidi iliyowamaliza dinosaria wa mwisho.

Nikasema ndiyo.

Sikufikiri hata kidogo. Nikatia na chumvi juu yake: nyota ilianguka kule Mexico, kishindo kikafika mpaka huku, kikamkuta mjusi wetu anakunywa maji. Darasa likaamka. Wengine wakacheka, wengine wakamwonea mjusi huruma. Kengele ikalia, nikatoka najiona mwalimu hodari.

Jioni nikakaa barazani kusahihisha madaftari. Binti mmoja alikuwa ameandika pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko wake mzuri, mjusi wa Tendaguru miaka milioni 150, nyota miaka milioni 66. Tarakimu zote mbili nilizitoa mimi, ubaoni, kwa mkono wangu. Darasa zima hakuna aliyechukua moja akaitoa kwenye nyingine. Na mwalimu wao pia hakufanya hivyo.

Mia na hamsini toa sitini na sita ni themanini na nne. Nyota ilipoanguka, mjusi wetu alikuwa amelala ardhini miaka milioni 84. Halafu likanijia jambo jingine lililoninyima usingizi kabisa. Kutoka nyota ile kuanguka mpaka leo ni miaka milioni 66. Maana yake nyota ile iko karibu zaidi na sisi, wenye simu na bodaboda, kuliko ilivyokuwa karibu na mjusi wa Tendaguru.

Kesho yake nikaenda shule na kamba ya manila ya mita 15. Nikaomba radhi kwanza, maana mwalimu akikosea hadharani na kusahihisha kwake kuwe hadharani, kisha tukatoka kwenye korido. Mita moja ni miaka milioni 10. Yule kijana aliyeuliza nikampa ncha ya Tendaguru, akaenda nayo mpaka mwisho, karibu na vyoo. Mimi nikashika ncha ya leo. Binti wa daftari akasimama na kitambaa chekundu mita sita na nusu na ushee kutoka kwangu: hapo ndipo nyota ilipoanguka. Ukitazama kamba ile huhitaji maelezo. Binti yuko karibu nami, na kijana yuko mbali kule anapiga kelele kwamba haoni kitu.

Wakauliza binadamu wako wapi. Nikawaonyesha sentimita tatu za mwisho, upana wa vidole viwili. Wakauliza Majimaji. Nikawaambia kwenye kamba hii Vita vya Majimaji viko umbali ambao unywele mmoja ni mnene kuliko huo mara kadhaa.

"Sasa mjusi wetu ameuawa na nani?" kijana akauliza kutoka kule vyooni.

Hakuna aliyemuua kwa maana ile anayoitaka yeye. Wanyama wale hawakufa siku moja. Waliishi kwenye pwani ya wakati huo, yenye vidimbwi vya maji ya chumvi na tope linalofunikwa na kuachwa na bahari, wakafa mmoja mmoja kama wanavyokufa ng'ombe na watu. Baadhi ya mifupa ikafukiwa na tope na mchanga kabla haijaoza. Nilimwona kijana hajaridhika. Kifo cha kawaida hakina simulizi.

Kwa wasomaji wa mbali: Tendaguru ni kilima, kiasi cha kilomita 60 kaskazini magharibi ya Lindi mjini. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa huko. Kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilichimba, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Naandika majina yao kwa sababu yamo vitabuni, lakini waliochimba kwa mikono ni mamia ya watu wa huku, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Majimaji ilikuwa imekwisha juzi tu, mwaka 1907, na njaa yake ilikuwa bado miilini mwa watu. Waliibeba mifupa ile vichwani na mabegani, siku kadhaa za mguu, mpaka bandari ya Lindi. Zilikuwa zaidi ya tani 200. Leo mmoja wao, yule wa shingo ndefu, amesimama Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Kama arudishwe au asirudishwe ni mjadala wa siku nyingine, nikiuanza leo sitaumaliza.

Narudi kwenye lile "ndiyo" langu. Lilitoka wapi kwa haraka vile? Halikutoka kitabuni. Nimelifuatilia nikalikuta Mikindani, nje ya banda la video.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Banda lilikuwa la makuti, ndani televisheni ya chogo na deki, nyuma jenereta, mlangoni kijana anayepokea hela. Wasichana hatukuingia. Mama alishaniambia akinikuta humo atanivunja mguu, na mama yangu hakuwa mtu wa kutia chumvi. Lakini kuuza korosho nje ya banda hakukukatazwa. Nilikuwa nakaa pale na ungo wangu, korosho za kukaanga kwenye koni za karatasi za daftari, mgongo wangu kwenye makuti, nasikiliza filamu. Sinema zote za utoto wangu nilizisikia tu. Kuziona nilikuja kuziona ukubwani.

Na nilizisikia kwa Kiswahili, kwa sababu banda lilikuwa na mtafsiri wake. Tulimwita Didjei. Alishika kipaza sauti akaeleza kila kinachopita. Kiingereza chake, naomba radhi kwake popote alipo, kilikuwa cha kubahatisha. Kiswahili chake kilikuwa moto. Filamu aliyoirudia mpaka nikaijua kwa moyo ni ile ya Armageddon, ya mwaka 1998, ambamo Bruce Willis na vijana wake wa kuchimba mafuta wanarushwa angani kutoboa asteroidi na kutia bomu la nyuklia ndani yake.

Kila aliyekulia karibu na banda anajua sheria kuu: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Adui atamkata, atamchoma, atamtupa ghorofani, steringi hafi. Sasa kwenye filamu ile adui ni jiwe, na steringi anabaki juu ya jiwe kulipua bomu kwa mkono wake, anakufa. Siku ya kwanza banda lilivurugika. Walitaka hela zao. Didjei akaokoa hali kwa maneno ambayo nilisikia kwa masikio yangu: "Hapo steringi anamwambia mkwe wake, mwanangu, nenda kamwoe binti yangu, mahari nimekusamehe!" Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alitoka anafuta macho.

Miaka mingi baadaye nikaitazama kwenye kompyuta, peke yangu, nikisubiri mahari. Mahari haimo.

Kuna mengine ambayo hayamo. Katika filamu ile jiwe linasemwa kuwa na ukubwa wa jimbo la Texas, na wataalamu wanaliona zikiwa zimebaki siku 18. Asteroidi kubwa kuliko zote tunazozijua, Ceres, ina kipenyo cha kilomita 940 hivi, na hiyo ilionekana tangu mwaka 1801, kwa darubini za wakati ule. Texas ni kubwa zaidi ya hapo. Jiwe kama hilo halinyemelei mtu. Lile lililowaua mijusi wa mwisho lilikuwa la kilomita kumi au zaidi kidogo tu, umbali ambao mtoto wa shule kijijini anautembea kwenda na kurudi. Lilitosha.

Mwaka ule ule wa 1998 ilitoka na Deep Impact, ambayo kisayansi ina adabu zaidi. Humo ni nyota yenye mkia, inaonekana zaidi ya mwaka mmoja kabla. Serikali ya Marekani inachimba mahandaki ya watu milioni moja: laki mbili wamechaguliwa kwa kazi zao, laki nane kwa bahati nasibu, na kwenye bahati nasibu hiyo mwenye zaidi ya miaka 50 hayumo. Hii niliiona nikiwa chuo. Sikumbuki vizuri wimbi lake kubwa linalosifiwa na kila mtu. Nakumbuka nilivyohesabu nani wa kwetu angeingia handakini. Bibi asingeingia. Mjomba asingeingia. Mama angebakiza mwaka mmoja.

Bibi mwenyewe asingebabaika. Usiku mmoja wa utotoni, nikiwa nimejaa maneno ya Didjei, nilimwambia, "Bibi, nyota itaanguka ituue wote." Alikuwa kwenye mkeka, amemaliza kusoma Tabaraka kama kila usiku. Akasema, "Nyota haianguki, mjukuu wangu. Ile anapigwa shetani aliyekwenda kudukiza maneno ya malaika. Wewe umedukiza nini?" Nilikuwa nimedukiza filamu siku nzima, kwa hiyo nililala nimejifunika gubigubi.

Siku hizi najua kwamba kile kinachopita mbinguni chwaa! ni punje, mara nyingi kama ya mchanga, inayoungua kilomita 80 mpaka 100 juu yetu. Nikimfikiria bibi, naona kwa upande mmoja alikuwa sahihi kuliko Didjei: usiku wa kawaida huna haja ya kuogopa. Vinavyofika chini vikubwa ni vichache, na Tanzania tunacho kimoja maarufu, kimondo cha Mbozi huko Songwe, pande la chuma la zaidi ya tani kumi. Wanafunzi wangu wote wanakijua kwa picha. Kwenda kukiona hakuna hata mmoja, na mimi pia bado.

Sasa nieleze jinsi nyota ya miaka milioni 66 ilivyogunduliwa, kwa sababu hapa ndipo filamu zote zinaponiudhi. Hakukuwa na siku 18. Hakukuwa na anayekimbia. Kulikuwa na mtu anatazama ukuta wa mawe.

Miaka ya 1970, mwanajiolojia Walter Alvarez alikuwa Gubbio, Italia, kwenye mawe ya chokaa yaliyowahi kuwa sakafu ya bahari. Katikati ya tabaka kulikuwa na mstari wa udongo wa mfinyanzi, unene wake kama sentimita moja. Chini ya mstari, mawe yamejaa foraminifera, viumbe vidogo vya baharini vyenye magamba. Juu ya mstari, karibu vyote vimetoweka, vimebaki vichache vidogo mno. Baba yake, Luis Alvarez, alikuwa mwanafizikia mwenye tuzo ya Nobel, na swali alilojiuliza ni la mwalimu wa kawaida kabisa: udongo huu wa sentimita moja ulichukua muda gani kujikusanya? Wakaamua kutumia vumbi la angani kama saa. Vumbi hilo hudondoka duniani polepole siku zote, na lina iridiamu, metali iliyo adimu sana kwenye ganda la dunia. Ukipima iridiamu unajua muda. Pamoja na wanakemia Frank Asaro na Helen Michel wakapima, wakakuta iridiamu mara 30 hivi ya kawaida. Saa yao ilikuwa imevunjwa na kitu kikubwa kilicholeta iridiamu yote kwa mkupuo. Wakaandika hivyo mwaka 1980.

Shimo lenyewe tayari lilikuwa limeonekana, na walioliona hawakuwa wakitafuta nyota. Walikuwa watu wa kampuni ya mafuta ya Mexico, Antonio Camargo na Glen Penfield, wakipima sumaku na uvutano wa ardhi kwenye rasi ya Yucatán. Waliona duara kubwa lililozikwa chini ya bahari na nchi kavu. Ilichukua mpaka mwaka 1991 ndipo habari hizo mbili zikakutanishwa na wataalamu wengi wakakubali. Sisi wa kusini tuliokulia na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, tunajua jinsi watu wa vipimo wanavyokuja na magari, wanatandika nyaya, wanaondoka, na kijijini hatuambiwi waliona nini. Huenda waliona duara.

Huo ni utani, lakini si wote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanasayansi wakishirikiana na TPDC, shirika letu la mafuta la taifa, walichoronga ardhi maeneo ya Kilwa na Lindi, si kwa ajili ya mafuta, wakatoa foraminifera waliohifadhiwa vizuri ajabu, bado waking'aa kama kioo. Kwa magamba hayo wanapima joto la bahari ya kale. Vidudu vya jamii ile ile iliyomshangaza Alvarez Italia, viko chini ya mihogo yetu. Sijawahi kuona kitabu cha shule kinachosema hivyo.

Duara lile la Mexico, linaloitwa Chicxulub, lina kipenyo cha kilomita 180 hivi. Uchukue bikari, uweke ncha Lindi mjini: Mtwara imo ndani, Tendaguru imo ndani, na nafasi inabaki. Jiwe lilikuja kwa mwendo wa kama kilomita 20 kwa sekunde. Barabara ya Lindi hadi Mtwara ingekwisha kwa sekunde tano au sita.

Wanafunzi wakisikia hivyo hudhani kishindo ndicho kilichoua. Kiliua, na mawimbi yaliua, lakini hayo ni ya karibu. Kilichoua dunia nzima ni giza. Mawe yaliyopigwa pale yalikuwa na chokaa na mawe ya jamii ya jasi, ile ile inayochimbwa Kilwa. Jasi ina salfa. Salfa ikapanda juu, na vumbi, na masizi, jua likafunikwa. Mimea na vijimea vya baharini vikakosa mwanga, wakafa waliovila, wakafa waliowala hao. Kiasi cha robo tatu ya aina za viumbe ikapotea. Mijusi wakubwa wakaisha, isipokuwa tawi moja lenye manyoya, ambalo wanafunzi wangu wanalila na wali kwenye sherehe. ("Madamu, kuku ni mjusi?" Ndiyo. Na safari hii ndiyo yangu nimeihakiki.)

Filamu haiwezi kuonyesha giza la miaka. Nani atalipa hela aketi kwenye banda kutazama njaa? Kwa hiyo inatupa kishindo na steringi. Sishindani nayo, mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Ila imetuachia mazoea mabaya: tunadhani jambo la nyota ni la ushujaa wa siku moja, na kwamba dalili yake ni moto angani, ukiuona kimbia dirishani.

Usikimbie dirishani. Tarehe 15 Februari 2013, asubuhi, juu ya mji wa Chelyabinsk huko Urusi, jiwe la mita 20 hivi lilipasuka kiasi cha kilomita 30 juu. Mwanga ulitangulia, sauti ikachelewa zaidi ya dakika moja, kama radi. Katika dakika hiyo watu walifanya kile ambacho kila binadamu angefanya, walisogea vioo kutazama. Kishindo kikaja, vioo vikapasuka. Watu kama 1,500 wakaumia, wengi kwa vioo, na hakufa mtu. Mwalimu mmoja wa darasa la nne aliona mwanga ule, asijue ni nini, akawaamuru watoto wake 44 waingie chini ya madawati. Hakuumia mtoto hata mmoja. Yeye alikatwa mkono na kioo. Nimeisimulia habari hiyo katika kila darasa nililoingia tangu niijue. Chini ya madawati wanaingia kwa furaha, kutoka ndiyo kazi.

Na kuna ile ya Tunguska, Siberia, tarehe 30 Juni 1908, mwaka mmoja kabla Wajerumani hawajaanza kuchimba Tendaguru. Msitu wa zaidi ya kilomita za mraba 2,000 ulilazwa chini. Mtafiti wa kwanza, Leonid Kulik, alifika pale mwaka 1927. Miaka kumi na tisa baadaye!

Februari 2025 ilikuwa zamu yetu kuogopa. Kundi la WhatsApp la ukoo likaletewa sauti ya mtu nisiyemjua, anasema kwa uhakika wa mhubiri kwamba jiwe litaipiga Afrika tarehe 22 Desemba 2032 na wakubwa wanaficha. Dada yangu wa Masasi akanipigia: "Mwalimu, wewe si ndiyo mambo yako haya? Ni kweli?"

Kulikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana ulitisha. Asteroidi iitwayo 2024 YR4 iligunduliwa mwishoni mwa Desemba 2024, tarehe ya hatari ilikuwa ile ile, na mstari wa maeneo yaliyokuwa hatarini ulipita pia Afrika. Uwezekano ukawa asilimia moja, ukapanda mpaka 3.1 tarehe 18 Februari. Siku chache baadaye ukaporomoka karibu na sifuri. Aliyetuma sauti ile hakutuma ya pili.

Dada hakuelewa: mbona ulikuwa unapanda kama haikuwa kweli? Nikamwambia, umepoteza ufunguo ndani ya nyumba ya vyumba vitano. Uwezekano uko chumbani kwako ni mmoja kwa tano. Unatafuta sebuleni, haupo. Jikoni, haupo. Sasa chumbani kwako umekuwa mmoja kwa tatu. Ufunguo haujasogea, ni wewe umepunguza pa kutafuta. Unaingia chumbani, unainua godoro, haupo, uwezekano unaanguka papo hapo. Wataalamu walikuwa wanafuta vyumba. Dunia ilikuwa chumba kimoja.

"Kwa hiyo kama Kenneth," akasema. Hapo nikanyamaza, kwa sababu alikuwa amepata mfano mzuri kuliko wangu. Aprili 2019 Mtwara tulitangaziwa kimbunga Kenneth. Watu walifunga mizigo, mama akakataa kutoka nyumbani Mikindani mpaka nikamlilia kwenye simu. Tarehe 25 kikaingia Msumbiji, Cabo Delgado, kikawaumiza wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Upande wetu watu wakasema tulidanganywa. Lakini Lindi wazee wanakumbuka kile cha mwaka 1952, ambacho hakikupinda kwenda kwa jirani.

Tofauti ya kimbunga na asteroidi ni kwamba kimbunga huwezi kukisukuma. Asteroidi imeshasukumwa moja, kwa majaribio. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 2022 kwa saa zetu, kama saa nane na robo, chombo cha Marekani kiitwacho DART, chenye uzito usiofika kilo 600, kilijigonga kwa makusudi kwenye kijiwe cha mita 160 hivi, Dimorphos, kinachozunguka jiwe kubwa zaidi. Mwendo wake ulikuwa zaidi ya kilomita sita kwa sekunde, Lindi hadi Dar kwa dakika moja na robo hivi. Mzunguko wa kijiwe kile ulikuwa saa 11 na dakika 55. Ukapungua kwa dakika zaidi ya 30. Hapakuwa na mtu ndani, hapakuwa na bomu, na jiwe halikuwa na nia mbaya nasi.

Msukumo wenyewe ulikuwa mdogo hata wa kuchekesha, kama milimita tatu kwa sekunde. Tulifanya hesabu ubaoni. Chukua sentimita moja kwa sekunde, mwendo wa jongoo asiye na haraka. Kwa siku 18 za Bruce Willis, jiwe litakuwa limehama kilomita 15 na nusu tu, na dunia bado iko pale pale mbele yake. Kwa miaka 20 litakuwa limehama zaidi ya kilomita 6,300, karibu nusu kipenyo cha dunia. Msukumo ni ule ule. Yule kijana wa dawati la nyuma aliitazama hesabu ile muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe steringi ni kalenda." Nimemwambia sentensi hiyo nitamwibia.

Tarehe 13 Aprili 2029, Ijumaa, asteroidi Apophis yenye upana wa mita 340 hivi itapita kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa dunia, karibu kuliko baadhi ya setilaiti. Haitatugonga, vyumba vyote vimeshapekuliwa. Desemba 2004 ilikuwa imefika asilimia 2.7, siku zile zile za tsunami ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuiogopa. Itakaribia zaidi usiku wa kuamkia tarehe 14, saa sita na dakika 46 usiku kwa saa zetu, na Afrika ni miongoni mwa maeneo yatakayoiona kwa macho matupu usiku huo, kama mvua itatuachia mawingu kidogo. Wanafunzi wa kamba watakuwa wakubwa, sijui watakuwa wapi.

Nilimweleza jirani yangu, mzee wa dagaa, siku moja alipokuwa anashona wavu chini ya mwembe. Nikamwambia nyota isiyo kali itakatiza mbinguni, inatembea.

"Mwalimu, huo usiku ni wa mwezi au wa giza?"

Nikahesabu. Mwezi utakuwa ndiyo unaandama. "Wa giza, baba."

"Basi tutakuwa kazini." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Haitaharibu giza?"

"Haitaharibu. Mwanga wake mdogo."

"Basi haina neno," akasema, akageuza wavu upande wa pili.